Shangazi, basi nimelitengeneza mwenyewe, kwanini nisiuze?

SWALI

Shikamoo Shangazi, za Tabora. Najua wengi wanakuandikia mambo ya ndoa na mawifi, langu ni la gemu, naomba usicheke maana limeshanikosanisha na nusu ya watu ninaochati nao na sasa limeingia mpaka nyumbani.

Niko Kigoma, Mwanga, nina miaka 23, chuo nimemaliza kazi sijapata, ni moda, natengeneza modi za mabasi, yaani magari ya kuingizwa ndani ya gemu. Kuna gemu la simu linaitwa Bus Simulator Indonesia, wenyewe tunasema BUSSID, limetengenezwa na Maleo ya hukohuko Indonesia, lilitoka 2017. Unaendesha basi, unapakia abiria, unapiga honi, ndo hivyo. Utamu wake ni kwamba waliolitengeneza wameruhusu mtu kuingiza gari lake mwenyewe. Ukichora rangi na maandishi ya ubavuni hiyo ni skini, ni picha tu, hata kwa simu unafanya. Ukitaka bodi lenyewe libadilike unakaa kwenye kompyuta na Blender, programu ya kuchonga maumbo, unachonga, unapaka, unaingiza kama modi. Ndo maana vijana wa huku wakifungua lile gemu hawaendeshi mabasi ya Java huko Indonesia, wanaendesha Yutong zenye rangi za mabasi yetu ya Kigoma Dar.

Nilianza kwa kutoa bure kama wote. Unaweka linki kwenye grupu la WhatsApp, watu wanasema fundi umetisha, wanaweka vimoto, kesho yake wanauliza lingine lini, keshokutwa wanakuletea skrinshoti mbona kioo cha pembeni kimepinda, mbona taa ya ndani haiwaki, utadhani walilipa. Na mi hapo bando nanunua mwenyewe, umeme ni wa mama mdogo na tokeni ikiisha naangaliwa mimi, laptopu ya mkono wa pili nimeiinua kwenye vizibo vya soda ili ipate hewa chini maana ukirenda, yaani ukiiambia itoe picha kamili, inachemka mpaka inazima yenyewe.

Hili basi la mwisho ndo limeleta yote. Ni basi linalotoka hapa alfajiri kwenda Dar, mtu wa Kigoma asiyelijua hayupo. Nilienda stendi ya Masanga giza bado, nikamuomba dereva anipigie honi nirekodi, akanipigia zote, ya kawaida na ya muziki, utingo akapiga kelele "we dogo unatafuta nini hapo" ikaingia humohumo kwenye rekodi nikaiacha. Nikapiga picha mapazia, vile vitambaa vya kichwani kwenye siti, mpaka ile stika ya nyuma iliyobanduka herufi. Vumbi jekundu la chini ya madirisha nimelipaka kwa mkono Shangazi, siyo lile la kupaka lote sawasawa, limepanda zaidi nyuma ya tairi la nyuma na pale utingo anapomwagia ndoo ya maji pana michirizi inashuka. Mtu wa Kasulu alipoliona akasema huyu jamaa lazima amelala chini ya hili gari.

Nikasema hapana, hili siwezi kutoa bure. Nikaweka elfu tatu, tuma na ya kutolea, nakutumia faili. Watu walinunua! Nilipata kama elfu tisini hivi kabla mambo hayajaharibika, mama mdogo nikamnunulia umeme akafurahi.

Halafu mmoja aliyenunua akaliweka Telegram, akaandika "sanaa haina bei wadau jipakulieni". Biashara ikafa siku hiyohiyo. Nikiwa bado nina hasira akanipigia bro wangu wa hukohuko Tabora, huyu ndo aliyenifundisha Blender kwa simu usiku usiku bila kunidai hata mia, akaniambia we umeuza bodi langu. Ni kweli nilianzia kwenye bodi lake, alinipa mwenyewe, ule uso wa mbele aliuchonga yeye. Lakini na yeye alilitoa kwa Mwindonesia mmoja aliyeliachia bure, ndani ya faili la zipu alilolifunga kuna kafaili ka maandishi ya Kiindonesia sijawahi kukasoma. Na mi nimeligusa kila sehemu, limebaki lake lipi? Akasema nimeua undugu wa mamoda, hela ikiingia kila mtu ataficha kazi yake na hakuna mtoto atakayefundishwa tena. Admini akanitoa grupu. Mama mdogo kasikia nagombana kwenye simu anauliza hela ya ule umeme ilikuwa ya wizi?

Na juu ya yote, karani wa ofisi ya tiketi ya hiyo kampuni ya basi aliiona video kwenye status ya mtu, akanitafuta, wanataka niwatengenezee basi lao jipya ili wateja wacheze, anasema malipo ni kwamba nitajulikana.

Shangazi nauliza, moda kuuza kazi yake ni kosa? Kama siyo kosa mbona naonekana mwizi? Na huyu aliyevujisha nimfanye nini?

Moda wa Mwanga, Kigoma


JIBU

Marahaba mwanangu. Sijacheka. Nimemwita mtoto wa kaka yangu hapa Isevya anionyeshe hilo gemu, tumekaa nalo jioni nzima, nimegonga geti la stendi mara nyingi mpaka nikanyang'anywa simu. Na honi nimezisikia, zile za muziki, kumbe Waindonesia wamezipenda kuliko sisi, mwaka 2016 mwishoni dunia nzima ilikuwa inarudia ule msemo wao wa "Om Telolet Om", watoto wamesimama barabarani wanamuomba dereva awapigie. Kwa hiyo naelewa kabisa mtu kuamka usiku kwenda Masanga kurekodi honi, hapo huna haja ya kujitetea.

Kuuza siyo kosa. Nalisema mapema ili usisome haraka haraka ukitafuta hukumu. Lakini ulichouza wewe, kwa namna ulivyokiuza, bro wako ana haki ya kukasirika, na hayo mambo mawili yanakaa pamoja bila shida.

Nyie mnagombana "niuze nisiuze" na hapo kila mtu ana jibu lake na sauti yake. Mi nataka tufungue hilo faili la elfu tatu tuone ndani mna nini. Honi yako. Kelele ya utingo, yako hiyo, au tuseme ya utingo. Vumbi lako, michirizi yako, mapazia yako, usiku wako wote ule. Uso wa mbele wa bro. Bodi la chini la Mwindonesia. Rangi na jina ubavuni vya kampuni ya basi. Gemu la Maleo. Elfu tatu ilipoingia kwenye simu yako ililipia vyote hivyo kwa mpigo, mfuko ukawa mmoja. Unauliza limebaki lake lipi, kama halijabaki kitu mbona hukuanza na ukurasa mtupu?

Chukulia fundi cherehani. Unampelekea kitenge chako, anakutajia hela ya kushona, unalipa, hakuna mtu anayesema fundi ana tamaa. Sasa fundi huyo akiuza gauni lililoshonwa kwa kitenge alichoachiwa na mtu mwingine, mishono yote ni yake, mizuri haswa, ila mwenye kitenge akitokea unadhani ataanza kuangalia mishono?

Na msidhani Kigoma ndo mmeanza ugomvi huu. Aprili 2015 kampuni mbili kubwa za Marekani, Valve wenye duka la Steam na Bethesda wenye gemu la Skyrim, waliruhusu mamoda wa Skyrim waanze kuuza modi zao palepale dukani. Tarehe 23 wakafungua, tarehe 27 wakafunga na kurudisha hela za watu. Siku nne! Watu walikasirika vibaya sana, na sehemu ya hasira ilikuwa kwenye mgao, maana moda mwenyewe alikuwa anapata asilimia 25, Valve 30, Bethesda 45, kwa hiyo aliyekesha ndo aliyepata kidogo kuliko wote. Lakini kisa ninachotaka ukisome wewe mtu wa ziwani ni cha modi ya uvuvi. Ilikuwa mojawapo ya modi za mwanzo kabisa kuuzwa pale, unavua samaki humo ndani ya Skyrim, siyo mgebuka lakini samaki, na moda wake alikuwa mtu anayeheshimika siyo tapeli. Sasa ile modi ilikuwa inategemea kazi ya moda mwingine ya upande wa miondoko ya mwili, kazi iliyokuwa inatolewa bure. Yule mwingine akalalamika, modi ya uvuvi ikaondolewa dukani wakati duka lenyewe bado lina joto. Umeona? Kampuni zina wanasheria ghorofa nzima na bado ugomvi wa kitenge ni cha nani uliwakuta.

Halafu ona walichofanya baadaye maana watu wanapenda kukatisha hadithi hapo wanasema "unaona, modi za kulipia zilishindikana". Hazikushindikana. Mwaka 2017 Bethesda walirudi na kitu walichokiita Creation Club, safari hii walikuwa wanakubaliana na moda kabla ya kazi, anatengeneza kitu kipya siyo modi iliyokuwepo tayari, na analipwa kadiri kazi inavyosogea. Desemba 2023 wakafungua tena mlango wa mamoda waliothibitishwa kuuza wenyewe ndani ya Skyrim. Watu bado wananung'unika, wachezaji wa gemu kunung'unika ni haki yao ya kuzaliwa, ila haijafungwa.

Hao wanaosema modi lazima iwe bure milele nina ugomvi nao pia. Wengi wao hawajawahi kutengeneza hata skini. Counter-Strike, gemu la kupigana risasi lililojaza vijana kwenye vibanda vya kompyuta duniani kote, lilianza 1999 kama modi ya gemu la Valve linaloitwa Half-Life, vijana wawili wamelitengeneza, mwaka 2000 Valve wakalinunua na vijana wakaajiriwa. Modi nyingine, Garry's Mod, ilianza bure 2004, mwaka 2006 ikaanza kuuzwa dola 10 kwa makubaliano na hao hao Valve. Mtu akikwambia "ukipenda kitu hutozi hela" muulize yeye anafanya kazi gani na kama anaipenda. Na huyo wa "sanaa haina bei" mwenyewe alilipa elfu tatu, kwa hiyo bei aliijua vizuri tu.

Ila bro wako siyo wa kundi hilo, usimchanganye na hao. Yeye amekufundisha usiku usiku bila kukudai, na hofu yake ina maana. Kila mtu akianza kufunga faili lake kwa neno la siri na kudai elfu tatu, yule dogo wa Kibondo anayecheza kwa simu ya baba yake atajifunzia kwa nani? We ulijifunzia kwenye mafaili yaliyo wazi. Hapo yuko sahihi. Anapokosea ni kudhani hela yenyewe ndo inaua, wakati kilichomuuma (nimeisoma barua yako mara kadhaa) ni kwamba alijua kwa kuambiwa na watu. Ungempigia kabla ukamwambia bro nataka kuliuza hili, uso ni wako, unasemaje, nina uhakika tusingekuwa tunaandikiana.

Sasa masharti, maana hapa ndo vijana mnapita bila kusoma. Kila gemu lina utawala wake na utawala huo ndo unaamua, siyo admini wa grupu. Gemu la Minecraft kwa mfano, wenye nalo, Mojang, wanasema modi uliyoitengeneza kuanzia sifuri ni yako, fanya utakavyo, ila usiiuze. Yako, lakini usiuze, ndo walivyoamua wenye nyumba. EA wenye The Sims 4 waliweka msimamo wao 2022, modi lazima ziwe bure, ila unaruhusiwa kupokea michango, kuweka matangazo kwenye ukurasa wako, na kuwapa waliochangia mapema kidogo kabla ya wengine, muda wa kiasi, halafu lazima uiachie kwa wote. Mi huu wa The Sims naupenda, na ungekufaa hata kama gemu lako siyo lile, nitarudi kwake. Kwa hiyo kazi ya kwanza leo kabla hujala, fungua masharti ya BUSSID uyasome mpaka mwisho, na fungua kale kafaili ka Kiindonesia ukaweke kwenye mtafsiri wa simu. Kamekaa humo ndani muda wote huo mwanangu! Mtu ameacha bodi lake bure na karatasi ya masharti juu yake na we umelibeba na karatasi. Kakisema usiuze basi bodi hilo haliuzwi, uso awe nao bro au asiwe nao, na hakuna cha kujadili.

Sheria yetu nayo ipo usidhani ni mambo ya Wazungu tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi yako tangu unapoiumba, husubiri muhuri wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, ndo iwe yako. Ila na kazi uliyoijenga juu ya kazi ya mtu inalindwa bila kufuta haki ya yule wa chini. Sheria imekaa upande wako kwenye vumbi na upande wake kwenye uso. Simaanishi mkimbilie mahakamani kwa elfu tisini, mtamaliza nauli tu, namaanisha ukijua hivyo utaongea na bro kwa adabu tofauti.

Nikwambie ungefanyaje badala yake. Faili lenye mikono ya watu wengi liachie bure, na uandike majina yao wote mbele, Mwindonesia, bro, wewe. Hela toza kwenye kile kinachotoka kwako peke yako, na zaidi ya yote toza kwa oda. Mtu anataka basi la harusi ya dada yake lenye majina ya maharusi ubavuni, mtu anataka basi la timu yake ya mtaa wa Katubuka, mtu wa Uvinza anataka lile Coaster la zamani la baba yake lenye bampa lililokunjwa, huyo ananunua muda na mkono wako, na wala huogopi kuvuja maana jina la dada yake nani mwingine analitaka. Rekodi zako za honi nazo unaweza kuziweka kwa michango, waliochangia wanapata wiki ya kwanza, baadaye kila mtu, kama wale wa The Sims walivyopanga. Na utakapokuwa tayari kuchonga bodi lako kuanzia mchemraba mtupu wa Blender, tairi, dirisha, kila kitu, na masharti ya gemu yanakuruhusu, uza kifua mbele na mtu akikuita mwizi nitumie namba yake.

Jambo moja hukuliuliza ila nakuongezea kwa sababu najua utajikwaa hapo. Ukitoa bure gemu likapata apdeti na basi likaanza kuelea hewani bila tairi, watu watasema pole fundi rekebisha ukipata nafasi. Ukiuza, apdeti ikitoka saa nne asubuhi saa nne na nusu una meseji kibao "we jamaa rudisha hela". Na watakuwa na haki. Elfu tatu siyo bei ya faili tu, ni bei ya kujibu hizo meseji miezi na miezi na laptopu iko juu ya vizibo. Mamoda wengi wanaouza wanapiga hesabu ya kuingiza hela, hii ya kuhudumia hawaipigi. Nyie wengine mnaona afadhali kuweka video YouTube na neno la siri la zipu limefichwa dakika ya mwisho ili watu waangalie yote, hilo nalo mtoto wa kaka yangu amenionyesha nikaangalia dakika kumi za muziki wa kelele kusubiri neno lenyewe, tafadhali msifanye hivyo kwa watu wazima.

Aliyevujisha muache. Simaanishi alifanya sawa, alifanya uhuni, alikulipa na akakuua. Lakini utamfanyaje? Ukimtangaza jina na namba kama unavyowaza (ndo unachowaza) utakuwa na kesi nyingine ya kwako, na faili haliingii ndani tena. Ungekuwa na haki safi ya basi lote ningekwambia mwandikie Telegram waliondoe. Kwa sasa ukiandika unaomba waondoe kazi ya Mwindonesia uliyoiuza bila kumuuliza, sasa hiyo barua utaianzaje?

Elfu tisini. Hapa najua hutaki kusikia. Umeme umeshawaka umeshaisha, sikwambii umtoe mama mdogo kwenye mita. Mpigie bro, siyo meseji, mpigie, usianze na kujieleza, anza na shikamoo kama ni mkubwa kwako na mambo kama ni rika, mwambie ziliingia tisini, uso ulikuwa wako, nakutumia thelathini kidogo kidogo. Inawezekana sana atazikataa. Sisi huku Tabora tuna maringo ya kukataa hela ya mtu tuliyemlea. Akizikataa usimlazimishe. Grupuni atakurudisha yeye, admini anamsikiliza. Na mama mdogo mweleze kwa maneno yake, mwambie sikuiba, niliuza kitu nilichochangia na wenzangu kabla hatujagawana, nimeshaongea nao. Atakuelewa haraka kuliko unavyofikiri, wamama wa vikoba hiyo lugha wanaijua kuliko mimi na wewe.

Tumebakiza huyu karani wako. Mwanangu hiyo ndo kazi nzuri kuliko zote ulizoniandikia na umeitupa mwishoni! Kampuni ya basi ndo yenye rangi na jina, wakikuomba wenyewe ile shida ya ubavuni imeisha, wana haki ya kukuruhusu. Wanataka tangazo, watoto wote wa Kigoma wanaendesha basi lao kwenye simu kutwa nzima, mtoto huyohuyo siku ya safari atamwambia mama yake tupande lile. Bango la barabarani wanalilipia. Kibandiko cha nyuma ya basi wanamlipa fundi. Kwa hiyo kujulikana siyo malipo, we mjibu kwa heshima, mwambie nashukuru kaka, bei yangu ni laki mbili, na basi lenyewe mtawagawia wateja bure. Watashangaa, watasema ni gemu tu la watoto, shuka mpaka laki na nusu usishuke zaidi. Chonga bodi jipya kwa ajili yao, la Mwindonesia usiliguse, na kama uso utakushinda mpe bro auchonge yeye na mgawane wazi kabla hamjaanza. Andikeni hata kwa WhatsApp inatosha, basi lipi, lini linakamilika, shilingi ngapi, apdeti ikitoka nani anarekebisha na mara ngapi, na kwamba jina na rangi wamekuruhusu kutumia. Nusu ya hela iingie kabla hujawasha laptopu. Wakigoma kabisa kulipa waambie basi wachore wenyewe, rangi si ni yao.

Shangazi, Tabora